Konje ya jamaa mbele ya mlima Kilimanjaro



Mwezi wa saba unakaribia. Watoto watafunga masomo, na wewe baba unangojea konje yako ya kampani. Nyumbani ulizo ni lile lile la kila mwaka: tutakaa tu, ao tutakwenda fasi moja? Wengi wetu katika miji ya migodi, toka Kipushi mpaka Kolwezi, tunajibu: tutakaa. Siku za kwanza baba analala mchana kutwa. Kisha juma moja anaanza kutafuta kakazi kadogo ka kuongeza makuta. Mwezi unakwisha, anarudi kazini, na watoto hawakumwona zaidi kuliko siku zote.

Leo tunapenda kukuonyesha njia ingine. Sisi baba, mama na watoto watatu tulikwenda mpaka Marangu, upande wa kusini-mashariki wa mlima Kilimanjaro, katika inchi ya Tanzania. Tulikaa masiku tisa katika nyumba ya jamaa moja ya pale, si katika hoteli. Usifikiri ni habari ya matajiri. Tuliweka makuta kidogo kidogo mwaka mzima, kila mwisho wa mwezi, na mama alishika bahasha. Soma mpaka mwisho, halafu mtazungumza na bibi yako na watoto.

Sababu gani kwenda mbali hivi?

Mwambie mtoto wa Lubumbashi achore mlima. Wengi watachora terril: kilima cheusi cha takataka ya shaba, na cheminée pembeni yake. Tangu miaka ya 2000 wanakipunguza kwa kutoa kobalti ndani yake, lakini kwa watoto wetu ni mlima wanaoujua. Mtoto wa Kolwezi yeye atachora shimo, kwa sababu ameona mashimo makubwa kuliko vilima. Si vibaya, ni inchi yetu na ni kazi inayotulisha. Lakini ni vizuri mtoto aone hata mara moja mlima ambao mtu hakuutengeneza.

Utasema: Congo nayo iko na milima. Ndiyo, na mikubwa. Margherita, katika Ruwenzori, ina metre 5109, ndiyo juu kabisa ya inchi yetu. Nyiragongo ina metre 3470 na moto ndani yake. Mwaka 2002 na mwaka 2021 moto huo ulishuka kuelekea Goma. Tungependa kuwapeleka watoto kule. Lakini msomaji, unajua mateso ya ndugu zetu wa Kivu. Mwezi wa kwanza 2025 M23 walikamata Goma. Huko si fasi ya kupeleka watoto konje. Tunaomba siku ifike.

Basi tulitazama upande wa Tanzania. Njia iko, kamyo za shaba zinapita kila siku. Na kule watu wanasema Kiswahili, ni kusema hata mtoto mdogo anaweza kuuliza maji na kujibiwa.

Njia

Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometre 95. Hapo unavuka Zambia: Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi. Kapiri Mposhi ndipo inaanza reli ya TAZARA, kilometre 1860 mpaka Dar es Salaam. Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga toka 1970 mpaka 1975. Treni inapita katika mbuga za wanyama, watoto wanatazama dirishani. Lakini uliza vizuri mbele ya kuondoka kama treni ya abiria inatembea juma hilo, usifike pale na mizigo na watoto ukaambiwa hapana.

Sisi tulipita na bisi: Nakonde, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Tulilala usiku tatu njiani. Hauna lazima ya kuingia Dar es Salaam. Pale Chalinze njia inagawanyika, unashika upande wa kaskazini mpaka Moshi. Kutoka Moshi mpaka Marangu ni karibu kilometre 40 tu, bisi ndogo zinapanda kutwa.

Hatutakudanganya, safari inachokesha. Miguu ya mama ilivimba, mtoto wa mwisho alitapika katika vilima vya Iringa. Weka maji ya kutosha, mikate, karanga, na mfuko wa plastiki karibu na mkono. Na usipitishe watoto mpakani usiku. Kama mmechelewa, laleni upande mmoja, mvuke asubuhi na akili safi.

Kulala kwa jamaa si kama kulala hoteli

Hotelini unalipa, unapewa ufunguo, mambo yamekwisha. Kwa jamaa unalipa pia, lakini unaingia katika masaa yao. Nyumba tuliyolala iko katikati ya migomba. Walituonyesha chumba mbili, kitanda na blanketi mbili kwa kila mtu. Mwezi wa saba baridi ya Marangu ni kali asubuhi na mangaribi. Sisi watu wa Kolwezi, tunaokaa karibu metre 1400 juu ya bahari, tunaijua baridi ya kiangazi, lakini ile ya kule iko na maji ndani yake, inaingia katika mifupa. Peleka triko kwa kila mtoto.

Asubuhi mama mwenye nyumba anawasha moto, kijana wake anakata majani ya ng'ombe. Hakuna anayekuambia ufanye kazi. Lakini usikae kama bwana mkubwa. Siku ya pili mama yetu alikuwa jikoni akimenya ndizi, na watoto walikwenda kuchota maji. Siku ya tatu waliacha kutuita wageni.

Chakula chao ni ndizi. Sisi tunajua makemba ya kukaanga, lakini wao wanapika ndizi kama sisi tunavyosonga bukari, siku kwa siku. Iko mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ile wanayompa mama aliyezaa. Iko machalari, ndizi na nyama. Iko kiburu, ndizi na maharagi. Watoto wetu walilia bukari siku mbili. Siku ya tatu waliomba mtori tena. Wakubwa wa kule wanatengeneza mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Baba mwenye nyumba alituonyesha namna wanavyokunywa wazee, kibuyu kimoja kinapita mkono kwa mkono.

Kama zawadi tulipeleka sahani moja ya shaba iliyogongwa, kazi ya mafundi wa Lubumbashi, na vijiwe viwili vya malakiti. Mtoto mmoja wa pale aliuliza: hii shaba ni ya nini? Baba alimwonyesha waya wa taa juu ya paa. "Ndani ya ule waya ni shaba. Labda ilitoka kwetu." Yule mtoto alitazama waya, akatutazama, akaenda kuita wenzake. Msomaji, mtu anachimba miaka 20 na hajapata kuona mtu anayefurahia kazi yake namna ile.

Kiswahili chetu na Kiswahili chao

Hapa tunapenda kukuonya mapema, ili usishangae wakicheka. Mtoto wa kule hasalimii mkubwa kwa jambo. Anasema "shikamoo", na mkubwa anajibu "marahaba". Fundisha watoto wako mbele ya kufika, itafungua milango yote.

Sisi tunasema makuta, wao wanasema pesa ao hela. Sisi tunasema konje, wao likizo. Sisi mutuka, wao gari. Bukari yetu ni ugali wao. Ukimwonyesha mke wako na kusema "huyu ni bibi yangu", watatazama kwa mshangao, kwa sababu kule bibi ni kambo, mama wa mama ao wa baba. Na ukitaka kumsifu mwenye nyumba kwa kusema "lupango yako ni kubwa", atacheka mpaka machozi: kwetu lupango ni kiwanja na nyumba yako, kwao lupango ni jela!

Lakini nyuma ya kicheko mnaelewana. Jioni watoto wetu na wa pale walifanya mchezo: huyu anasema neno la kwao, yule anasema la kwake. Waliandika kaye nzima. Mtoto anajifunza kwamba luga moja inaweza kukaa katika nyumba nyingi, na hakuna nyumba iliyo ya wajinga.

Mlima wenyewe

Siku mbili za kwanza hatukuuona. Mawingu tu. Mtoto wa pili alianza kusema hakuna mlima, wanatudanganya. Baba mwenye nyumba alicheka: "Mlima hauamki kwa wageni. Wageni ndio wanaamka kwa mlima." Siku ya tatu alitugonga saa kumi na mbili kasoro. Tulitoka na blanketi mabegani. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, na pale juu, mahali tulipofikiri ni mbingu tu, palikuwa na Kibo, nyeupe kidogo kichwani, na Mawenzi pembeni yake, yenye meno meno. Jua lilipopiga, weupe ule ulikuwa kama dhahabu. Hakuna aliyesema neno. Ndiyo namna yake: mlima unaonekana asubuhi sana na tena mangaribi. Mchana mawingu yanaufunika.

Kibo ina metre 5895, hakuna mlima unaoipita katika Afrika yote. Mawenzi ina metre 5149. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya mlima huu, karibu na mstari wa ekweta. Wataalamu fulani wa Ulaya walikataa kumwamini. Wazee wa pale hawakuhitaji kuambiwa, walikuwa wanauona kila asubuhi. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele. Watu wa Marangu wanamkumbuka mzee wao Yohani Kinyala Lauwo, aliyekufa mwaka 1996, kama muongozi wa safari ile. Na mwezi wa kumi na mbili 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, askari Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera kule juu. Tangu hapo kilele kinaitwa Uhuru.

Sisi hatukupanda kilele, na hatukushauri ukipande na watoto. Chini ya miaka kumi hawaruhusiwi. Lakini iko safari ya siku moja inayofaa jamaa: kutoka mlango wa Marangu, karibu metre 1880, mpaka nyumba za Mandara, metre 2720. Ni karibu kilometre 8, masaa matatu ao manne ya kupanda pole pole katika msitu. Miti ina ndevu za kijani, maji yanasikika kila pembe, na mbega, wale nyani weusi wenye mkia mweupe mrefu, wanaruka juu ya vichwa. Mtoto wetu wa mwisho alifika nusu tu, akarudi na mama yake. Wengine watatu tulifika, tukakula mayai na ndizi, tukashuka.

Wewe baba wa mgodi, neno moja kwako. Kama umevuta vumbi ya mawe miaka mingi, kama unakohoa asubuhi ao pumzi inakatika kwenye ngazi, muone munganga mbele ya kupanda mlima wowote. Hewa ya juu ni nyepesi. Kichwa kikiuma sana, ukitaka kutapika, dawa ya kwanza ni kushuka. Usione haya. Mlima utabaki pale pale.

Theluji inapungua

Bibi wa nyumba ile, kambo kwetu sisi, alituambia kwamba alipokuwa binti weupe ulishuka mbali sana kuliko leo. Wenye kupima wanasema hivyo hivyo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika zaidi ya kilometre za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Dunia inapata joto, hewa ya juu ni kavu, theluji mpya ni kidogo. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu hiyo inaweza kwisha mbele ya mwaka 2050. Ni kusema watoto wako wanaweza kuiona, wajukuu wako labda hapana.

Maji ya Marangu, hata hivyo, hayatoki zaidi katika barafu. Yanatoka katika mvua inayoshikwa na msitu. Ndiyo maana watu wa kule wanaulinda msitu kwa bidii, na toka zamani wanachimba mifereji, wanaiita mfongo, kushusha maji toka mito mpaka katika mashamba. Kila mtu iko na saa yake ya kufungua maji. Anayeiba saa ya mwingine anajibu mbele ya wazee.

Kihamba

Sasa tunafika katika jambo lililotugusa kuliko mlima.

Wachaga wanaita shamba la nyumbani kihamba. Si kubwa. Mengi hayafiki hektari moja. Lakini tazama namna linavyopangwa. Juu kabisa miti mirefu ya kivuli na ya mbao. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa, iliyoletwa na mapadri wa Kilema karibu na mwisho wa karne ya 19. Chini kabisa maharagi, magimbi na mboga. Ng'ombe anakaa ndani ya zizi, majani yanaletwa kwake, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Hakuna kinachotupwa. Sisi tunaotoa udongo na kuacha shimo, tulisimama pale tukitazama udongo uliolisha watu vizazi vingi na hauchoki.

Na katikati ya migomba iko makaburi. Baba wa baba, mama wa mama, wamelala pale pale. Mwezi wa kumi na mbili Wachaga wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na mbali zaidi wanarudi nyumbani wote, bisi zinajaa, kila mtu anataka Noeli imkute kihambani.

Usifikiri basi kwamba kule ni paradiso. Jioni moja baba mwenye nyumba alitueleza hesabu yake. Kambo yake alikuwa na kihamba kikubwa. Kwa desturi kifungua mimba anapewa sehemu, na kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi. Waliogawana waligawana tena. Sasa yeye iko na vijana watatu, na kipande kilichobaki hakitoshi hata wawili. Bei ya kahawa inapanda leo, inaanguka kesho. Jirani aliuza, na pale juu ya udongo mweusi ule pamejengwa nyumba ya saruji. "Hizi chumba mbili za wageni," alisema, "ndizo zinanizuia kuuza." Ni kusema makuta unayolipa pale yanashika shamba lisikatwe. Kwa hiyo usibishane bei mpaka mtu aone haya.

Mama wa pale naye alimweleza mama yetu jambo lake: binti zake wawili. Sheria ya ardhi ya vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema mwanamke iko na haki sawa na mwanaume. Lakini desturi inatembea polepole kuliko sheria. Wamama wawili walizungumza mpaka moto ulizimika. Nyumbani kwetu, mjane anayefukuzwa na ndugu za marehemu tunamjua wote. Mambo hayo hayana mpaka.

Ulizo la mtoto

Kesho yake, tukitembea katika migomba, mtoto wa pili, mwenye miaka tisa, aliuliza: "Baba, sisi kihamba yetu iko fasi gani?"

Msomaji, wewe ungejibu nini?

Kambo wa watoto hawa aliletwa Katanga toka Lomami na Union Minière. Toka miaka ya 1920 kampani ile ilianza kuweka wafanyakazi pamoja na bibi na watoto wao katika makambi, ikawapa nyumba, posho, masomo na lopitali. Baba alizaliwa kambini. Nyumba ilikuwa ya kampani, bustani ilikuwa ya kampani, hata mwembe uwanjani. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ile "départ volontaire". Wengi wao hawakujua waende wapi. Mji wa baba zao waliujua kwa jina tu. Leo kampani ni zingine na mishahara ni mingine, lakini kontra nazo ni fupi. Shaba ni kama ile barafu ya Kibo: ikitoka, haioti tena. Udongo wa kihamba, ukitunzwa, unaota kila mwaka.

Baba alimjibu mtoto: "Bado hatuna. Tutaanza." Mama alisema: "Na itaandikwa majina ya watoto wote, kijana na binti." Hapo hapo, chini ya migomba ya watu wengine.

Tulirudi. Hatukununua hektari. Tulinunua kiwanja kidogo njia ya kutoka mji, na kalata zake, zenye jina la baba na la mama. Tumepanda miavoka mitano, migomba minane na lenga-lenga kandokando. Kila siku ya mungu nyuma ya misa tunakwenda kumwagia maji. Udongo wetu ni mwekundu na mgumu, mvua ni ya miezi sita tu, si kama Marangu. Miavoka miwili imekufa, tumepanda mingine. Mtoto wa pili ameandika juu ya kibao: KIHAMBA. Majirani wanauliza ni luga gani hiyo.

Kama unapenda kwenda

1. Pasiporti ya kila mmoja, hata mtoto mchanga, na kalata ya njano ya sindano ya homa ya manjano. Uliza mapema habari za visa za Zambia na Tanzania, maana masharti yanabadilika.

2. Congo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kwenye mlango wa mbuga uliza bei ya wenyeji wa Jumuiya, ambayo ni ndogo kuliko ile ya wageni wa mbali, na uonyeshe pasiporti.

3. Tafuta jamaa ya kukupokea kupitia mtu unayemwamini: paroko, mwalimu, ao muongozi anayejulikana. Mbele ya kutoka nyumbani mpatane bei ya siku, kama chakula ni ndani yake, na chumba ni ngapi. Liandikwe.

4. Usiende toka mwezi wa tatu mpaka wa tano, mvua ni nyingi mno. Mwezi wa saba na wa nane ni baridi lakini watoto wako huru.

5. Weka makuta katika bahasha tatu: njia ya kwenda, kukaa, njia ya kurudi. Bahasha ya tatu isiguswe hata kwa kitambaa kizuri cha soko la Moshi. Mama anajua kwa nini tunaandika hivi.

6. Kama makuta hayatoshi kwenda Kilimanjaro, usiache konje ipotee. Iko maporomoko ya Lofoi katika Kundelungu, iko ziwa Tanganyika pale Moba na Kalemie. Iko hata kijiji cha shangazi. Kitu kikubwa ni baba akae na watoto fasi moja ambapo sirena ya kazi haimwiti.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

Watoto wetu wanajua kazi ya baba yao ni nini? Wamemwona akipumzika mara ngapi?

Siku kampani itafunga mlango, jamaa yetu italala wapi?

Nyumba ao kiwanja tulichonacho kiko kwa jina la nani? Mama na binti wamo?

Ni mti gani tutapanda mwaka huu?

Zungumzeni pole pole, bila kugombana, na mwache watoto waseme. Konje njema, na safari njema kwa watakaosafiri.